Bogenvilia yangu ilichanua nilipopunguza maji

Kwa miaka miwili bogenvilia niliyoipanda kando ya geti, hapa Moshi, ilinipa majani mengi na miiba mirefu lakini haikutoa ua hata moja, ilhali ya jirani yangu, ambayo sikuwahi kumwona mtu akiishughulikia, ilikuwa imefunika ukuta mzima kwa rangi ya zambarau. Mimi nilikuwa nikiimwagilia kila jioni na kuiwekea samadi ya ng'ombe kila mwezi, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa nyumbani kutunza mgomba. Ilinichukua muda kukubali kwamba uangalizi huo ndio uliokuwa ukiizuia kuchanua.

Bogenvilia asili yake ni Amerika Kusini, na jina lake linatokana na baharia Mfaransa, Louis-Antoine de Bougainville. Hayo tunayoyasifia kuwa maua kwa kweli ni majani yaliyobadilika rangi, ndiyo maana ni makavu na mepesi kama karatasi na hudumu muda mrefu. Ua lenyewe ni kile kijimrija cheupe kilicho katikati, ambacho wengi hatukitazami.

Mmea huu ukipata maji na samadi kwa wingi hutumia nguvu zake kurefusha matawi na kuongeza majani, lakini udongo ukikauka kwa kipindi fulani huanza kutoa maua. Kwa hiyo masika yanapokwisha mwezi Mei, mimi huacha kabisa kumwagilia hadi nione majani ya nchani yameanza kulegea kidogo, kisha humwagilia maji mengi kwa mara moja na kusubiri tena. Samadi nimeipunguza hadi mara moja kwa mwaka, tena iliyooza vizuri. Utaratibu huu, hata hivyo, ni wa mmea uliokwisha kushika ardhi; mche mchanga unahitaji maji mara mbili au tatu kwa wiki katika kiangazi chake cha kwanza, na ukiunyima utakufa.

Jua nalo halina mbadala. Mmea unahitaji angalau saa sita za jua kamili kwa siku, hivyo usiupande chini ya mparachichi ukitarajia maua. Dada yangu anayeishi Njiro, Arusha, alikaribia kung'oa wake mwezi Julai kwa kudhani una ugonjwa, kumbe ni baridi na mawingu ya msimu huo tu, kwa sababu Arusha iko juu zaidi ya Moshi na mmea huu hupenda joto. Nilimshauri asubiri, na mwezi Septemba ulichanua.

Kuhusu kupogoa, jambo la kukumbuka ni kwamba maua hutokea kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo ukikata matawi wakati yanajiandaa kuchanua unakuwa umekata maua yenyewe. Mimi hupogoa mara tu awamu moja ya maua inapopukutika, nikivaa glavu nene na shati la mikono mirefu, kwani miiba yake haina simile.

Ukitaka kuotesha miche mwenyewe, chukua vipande vya tawi lililokomaa, vyenye unene wa penseli na urefu wa sentimita 20 hivi, uvichomeke kwenye viriba vyenye udongo uliochanganywa na mchanga, kisha uviweke kivulini. Huchukua wiki kadhaa kutoa mizizi, na mizizi hiyo hukatika kirahisi mno. Katika miche yangu mitano ya kwanza nilipoteza mitatu kwa sababu ya kuivuta kutoka kwenye viriba. Siku hizi hupasua kiriba kwa wembe na kuushusha mche shimoni pamoja na bonge lake la udongo. Na kama unanunua kwa wauza miche wa barabarani, nunua ulio na maua tayari, maana mimi niliwahi kuuziwa "mweupe" ambao baada ya mwaka mzima ulichanua waridi iliyokoza.

Asiye na uwanja anaweza kuupanda kwenye chungu chenye matundu chini. Mizizi iliyobanwa haiuzuii kuchanua, na ule wangu wa kibarazani, ulio kwenye ndoo kuukuu ya lita 20, huchanua kabla ya ule wa getini.