Noni itakubali kwenye udongo wa chumvi?

SWALI: Habari za kazi, niko Mlingotini Bagamoyo, shamba langu limepakana na mikoko, kiangazi udongo unakuwa mweupe juu na mipapai yote imekufa, je noni itapona?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, hiyo mipapai inauma. Noni itakubali, yenyewe ni mti wa pwani huko Asia Kusini-Mashariki, hata mbegu yake ina kijifuko cha hewa inaelea baharini. Ila mche mchanga usiupeleke kwenye chumvi, otesha kwenye viriba kwa maji matamu, masika yakianza panda juu ya tuta maana mvua inasukuma chumvi chini, weka na matandazo. Mwenye figo mbovu asinywe juisi ya matunda ya noni, ina potasiamu nyingi.