Siku moja Hangzhou: anza na Ziwa la Magharibi

Ndugu, umeuliza utazame nini kando ya maji mjini Hangzhou, China, ukiwa na siku moja tu baada ya kununua bidhaa zako Yiwu. Ushauri wangu ni kwamba asubuhi yote uipe Ziwa la Magharibi, ambalo UNESCO ililiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2011.

Damka mapema, kabla umati haujajaa, utembee kwa miguu juu ya tuta la Su, lenye urefu unaokaribia kilomita 3 na madaraja sita ya mawe, ambalo mshairi Su Shi, alipokuwa mtawala wa mji huo karne ya 11, alilijenga kwa tope lililozolewa ziwani wakati wa kulisafisha. Kisha panda mashua hadi kwenye vinara vitatu vya mawe vinavyochomoza majini, kila kimoja kikiwa na matundu matano ya mviringo. Toa noti yako ya yuan 1 uigeuze, utaviona nyuma yake. Kando ya ziwa utauona pia Mnara wa Leifeng: ule wa kale ulianguka mwaka 1924, na huu wa leo ni mpya, ila matofali ya kale yamehifadhiwa chini yake.

Jioni nenda daraja la Gongchen, kwenye Mfereji Mkuu unaofika hadi Beijing. Mimi napapenda kuliko ziwani, kwa kuwa majahazi ya mizigo yalipita hapo kwa miaka mingi.