Ngazi ya 11 inakuja: Kensei au Pit Fighter?

Ndugu wa Nakuru, umesema mpiganaji wako mbilikimo amemaliza ngazi ya 10, mnacheza Dungeons & Dragons toleo la 4, mchezo wa mezani ambao kila mmoja anaigiza shujaa wake na msimulizi anaongoza hadithi, na Jumapili msimulizi anataka jibu la njia ya paragoni, yaani utaalamu ambao shujaa anachagua akifika ngazi ya 11. Umebaki na Kensei na Pit Fighter, unauliza ipi inapiga zaidi. Niliwahi kusimama hapo ulipo, na shoka mkononi kama lako, kwa hiyo nitakueleza yaliyonipata.

Sisi tulikuwa wanne na msimulizi, chumba cha juu ya duka la hardware hapa Kondele, Kisumu, kila Jumapili baada ya kanisa. Dadu la pande 20 hatukuwa nalo. Tuliandika namba 1 hadi 20 kwenye vizibo vya soda, tukavitia katika kopo la Kimbo. Unachomoa kimoja, kinasomwa kwa sauti, unakirudisha, unatikisa. Hesabu ni ile ile ya dadu, mradi kizibo kirudi koponi.

Nilichagua Kensei kwa sababu ya mistari miwili tu. Ngazi ya 11 unapata nyongeza ya 1 kwenye kulenga, yaani kwenye namba unayochomoa kujua kama pigo limempata adui, kwa silaha moja uliyoiteua. Ngazi ya 16 unapata nyongeza ya 4 kwenye madhara, yaani uzito wa pigo lililompata, kwa silaha hiyo hiyo. Mstari wa chini yake sikuusoma.

Tukafika ngazi ya 17. Tunapigana juu ya daraja la mawe, shoka likaniponyoka, mwenzetu aliyecheza mwizi akalidaka kabla halijaanguka mtoni. Zamu yangu ikafika nikiwa mikono mitupu. Nikaokota mkuki wa adui aliyelala pale, nikamchoma mmoja, akatumbukia majini. Meza yote ikashangilia. Zamu iliyofuata shoka limesharudi mkononi, nikachomoa kizibo cha 12, na kwa ile nyongeza ya 1 nilikuwa nimempata. Msimulizi akanigeuzia kitabu bila kusema neno, akaweka kidole kwenye mstari: ukitumia silaha ya aina nyingine, unapoteza faida zote mbili mpaka upumzike kidogo. Mapumziko hayo ni dakika tano ndani ya mchezo, na adui aliye mbele yako hakupi hata moja. Nilimaliza pambano lile lote kama mtu asiye na njia yoyote.

Sisemi Kensei ni mbaya. Kitu nilichokuja kukipenda ndicho nilichokidharau mwanzoni: ukitumia pointi ya kitendo unaweza, badala ya kupata kitendo cha ziada, kurudia kulenga kulikokosa. Ile mbinu yako kubwa ya mara moja kwa siku ikikosa, moyo unauma sana, na hapo ndipo Kensei anakurudishia. Ile nyongeza ya 1 ni kizibo kimoja kati ya 20. Pambano zima linaweza kwisha usiione.

Sasa Pit Fighter. Yeye akitumia pointi ya kitendo anabaki na kitendo chake cha ziada, na madhara ya mapigo yake ya zamu hiyo yanaongezewa nusu ya ngazi yake: 5 ukiwa ngazi ya 11, 8 ukifika 16. Halafu kwenye 16 anaongeza nyongeza ya Hekima, moja ya sifa za shujaa, kwenye madhara ya silaha. Umeandika Hekima yako ni 16, maana yake nyongeza ya 3. Ni pungufu ya ile 4 ya Kensei kwa moja tu, lakini inafanya kazi na shoka, nyundo, hata mkuki wa kuokota. Mpiganaji mwenye Hekima ya 10 hapati kitu hapo, na huyo ningemwambia mengine.

Pointi zenyewe si nyingi. Siku inaanza na moja, unaongezewa moja kila baada ya mapambano mawili. Kumbuka michezo yenu mitatu iliyopita: ulizitumia kusukuma pigo lililokuwa tayari linaingia, au ulikuwa unatamani kurudia lililokosa?

Tena angalia meza yenu. Aliyecheza kasisi kwetu, kijana wa Kakamega, alikuwa na njia za kupiga kwa nguvu lakini akachukua Divine Oracle, njia ya paragoni ya kasisi ambayo humfanya yeye na wenzake walio ndani ya miraba 10, wanaomwona na kumsikia, wasishtukizwe. Tulinung'unika. Kabla ya hapo karibu kila pango tulikuwa tunavamiwa gizani tukipoteza zamu nzima. Baada ya hapo hatukuvamiwa tena hivyo, na madhara aliyotuepushia kwa kukataa kupiga ni mengi kuliko niliyoyatoa mimi na shoka langu.

Kuna aliyekuambia chagua tu, utabadilisha baadaye. Hapana. Kila ukipanda ngazi kanuni inakuruhusu kubadili kitu kimoja, umahiri, ujuzi au mbinu, lakini mbinu za njia ya paragoni hazimo humo. Utakaa nayo, na ukiingia ngazi ya 21 hatima yako, ile njia ya ngazi za juu kabisa, inaongezwa juu yake. Angalau toleo hili linakungoja mpaka 11. Katika toleo la 3.5 aliyetaka kuwa Mystic Theurge, anayechanganya uchawi wa mchawi na wa kasisi, alianza kujipanga tangu mwanzo, na akifika ngazi ya 7 bado ana uchawi wa daraja la 2 wakati mchawi wa kawaida ana wa daraja la 4.

Mimi kwa mbilikimo wako ningeandika Pit Fighter. Lakini kabla ya Jumapili mpigie msimulizi simu, umuulize jambo moja: je, silaha kubwa anayotaka kukupa huko mbele ni shoka? Akisema ni shoka, na si mtu wa kunyang'anya watu silaha kila pambano, chukua Kensei, na mkuki wa mtu usiuguse. Akicheka tu bila kujibu, nadhani jibu umeshalipata. Niandikie hapa amesema nini.