India Kuzuia Mbaazi Zetu: Je, Ni Dhulma?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mkulima wa mbaazi, Masasi. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi za nje, kilo iliangukia shilingi 150 na magunia yangu 14 yakabunguliwa ndani. Msikitini tumeambiwa bei iko kwa Allah, hivyo kuzuia bidhaa ya mtu ni dhulma. Ikijirudia, naweza kuvusha Ruvuma nikaandikiwa cheti cha Msumbiji, wenye mkataba wao na India wa kuuza mbaazi?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah. Swali lako limeniuma, ndugu yangu. Jasho la msimu mzima kugeuka unga wa bungua si jambo dogo.

Aliyewaambia hivyo ameshika hadithi sahihi akaiweka pasipo pake. Amepokea Anas (r.a.) kwamba bei zilipanda Madina, watu wakamwomba Mtume (s.a.w.) awapangie, akakataa, akasema Allah ndiye mpanga bei. Hilo ni katazo la kumlazimisha muuzaji asiye na kosa. Wapi imesemwa kiongozi hana mkono katika kinachoingia sokoni? Soma Muwatta, kitabu cha hadithi cha Imam Malik: Umar (r.a.) aliwatoza wafanyabiashara wa Kinabati, wageni kutoka Sham, nusu ya sehemu ya kumi kwa ngano na mafuta, ili vije Madina kwa wingi. Kwenye qitniyya akatoza sehemu ya kumi kamili. Na qitniyya ndiyo dengu, adesi na jamii yake yote, yaani hiki hiki tunachokizungumza! Alilegeza hapa, akakaza pale, na Masahaba wapo. Nani atathubutu kusema Umar alidhulumu?

Na mkulima wa Maharashtra, jimbo la India, naye ni mja wa Allah. Mwaka 2015 dal, yaani mbaazi zilizopaazwa, ilifika kama rupia 200 kwa kilo, wakahimizwa kulima. Walipovuna kwa wingi, bei ikashuka chini ya ile waliyoahidiwa na serikali yao. Kumlinda ni haki yao.

Ninacholaumu ni wakati. Tangazo lilitoka Agosti, mbaazi zenu zikiwa zimeshakauka na mikopo imeshaliwa. Mtume (s.a.w.) amesema hakuna kudhuru wala kudhuriana. Anayetaka kufunga mlango aseme kabla watu hawajapanda.

Ama cheti cha Msumbiji, ni haramu. Ni uongo wa maandishi, na unamlia nafasi mkulima wa ng'ambo ya mto, maskini kama wewe. "Mwenye kutughushi si katika sisi."

Mei 2021 India ilifungua tena, lakini usikope kwa kutegemea mnunuzi mmoja aliye ng'ambo ya bahari. Panda na ufuta, na kumbuka mbaazi za nazi zinaliwa pwani yetu nzima. Na kama deni la mwaka ule bado liko shingoni na huna cha kulilipa, wewe ni katika gharimina, yaani wenye madeni, waliotajwa kwenye Surat Tawba, aya ya 60: una fungu katika zaka. Mwendee imamu wenu umweleze, usione haya.

Wallahu a'lam.