Mahojiano 30 au Kikoba Kimoja: Barua kwa Mwanangu Neema

Mwanangu mpendwa Neema,

Barua yako imenifikia, nami nimefurahi kusikia kwamba u mzima na kwamba pendekezo lako la utafiti limesomwa, ingawa limerudishwa likiwa limejaa wino mwekundu. Umeniuliza umfuate nani: mwalimu anayesema kwamba wanawake 30 utakaowahoji kuhusu vikoba, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, hawawezi kuwakilisha hata kata moja, au yule anayekutaka uache mahojiano kabisa, ukakae katika kikoba kimoja mpaka siku kitakapovunjwa. Kwa kuwa maisha yangu yote ya kazi yamepita katika madodoso, huenda ulitarajia nimuunge mkono wa kwanza. Simuungi mkono.

Hoja yake ina uzito pale swali linapohusu idadi. Anayetaka kujua ni wanawake wangapi wa mkoa mzima wamejiunga na vikoba hana budi kuchagua kaya kwa bahati nasibu, na hapo 30 ni wachache mno. Wewe hukuuliza hivyo. Umeuliza jinsi mkopo wa kikoba unavyobadilisha mazungumzo ya fedha kati ya mke na mume. Mwanasosholojia Mario Small aliandika makala mwaka 2009 akionya kwamba mtafiti wa namna yako akiazima lugha ya sampuli atashindwa katika uwanja usio wake, na kwamba ni afadhali amchukue kila mtu kuwa kisa cha kuchunguzwa peke yake: wa kwanza akufundishe jambo, ulijaribu kwa wa pili, ulirekebishe kwa wa tatu, uendelee hivyo mpaka anayefuata asikuongezee kitu.

Nilipokuwa mdadisi, dodoso letu lilikuwa na swali kuhusu nani huamua matumizi ya fedha anazopata mwanamke, na majibu yalikuwa yamekwisha kupangwa: mwenyewe, mume, au wote pamoja. Mama mmoja alinijibu, “Tunaamua pamoja,” mumewe akiwa ameketi kwenye kigoda hatua chache kutoka tulipokuwa. Nikazungushia namba, nikafunua ukurasa. Mume alipoinuka kwenda kuwatazama mbuzi, yule mama alininong'oneza kwamba hisa zake za kikoba zimeandikwa kwa jina la dada yake. Jibu hilo halikuwa na mahali pa kuandikwa.

Mwalimu wako wa pili angefurahia kisa hicho, ila ajue kwamba ugomvi wake si na watu wa takwimu peke yao. Mwaka 2014 wanasosholojia Colin Jerolmack na Shamus Khan walidai kwamba hata wenzao wa utafiti wa kimaelezo, ule usiotegemea takwimu, hukosea wanapochukua maneno ya mahojiano kuwa ushahidi wa matendo. Ushahidi unaotajwa sana katika mjadala huo ni wa mwanasosholojia Richard LaPiere, aliyezunguka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930 pamoja na kijana wa Kichina na mkewe. Katika hoteli na migahawa 251 waliyofika, walikataliwa mara moja tu. Lakini alipowaandikia wenye sehemu hizo miezi kadhaa baadaye, zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema hawapokei Wachina. Mimi husita kidogo hapo, kwa sababu aliyejibu barua huenda hakuwa yule aliyekuwa mapokezini, na wageni wale walikuwa wameandamana na LaPiere, profesa mzungu. Barua iliuliza kuhusu Wachina kwa jumla. Mlangoni walisimama watu wawili nadhifu wenye tabasamu.

Mwaka huohuo wa 2014 wanasosholojia Michèle Lamont na Ann Swidler waliwajibu Jerolmack na Khan kwamba mahojiano yana kazi yake, kwani humfikisha mtafiti kwenye fahari, aibu na matumaini ya mtu, mambo ambayo hutayaona ukimtazama tu akihesabu noti. Mimi niko upande wao, kwa sharti moja: usiandike “wanawake hawa huamua pamoja na waume zao” pale ambapo ulichonacho ni kwamba wamesema hivyo.

Jambo la kuaminika kwa utafiti umeligusa kwa mstari mmoja, nami nitalipitia upesi. Kitabu cha mwanasosholojia Alice Goffman kuhusu vijana wa Philadelphia waliokuwa wakisakwa na polisi, kilichotoka mwaka 2014, kilisifiwa sana, kisha kikapingwa vikali, na kwa kuwa alikuwa ameharibu kumbukumbu zake za uwandani ili kuwalinda aliowaandika, wengi walikosa namna ya kuhakiki. Badilisha majina tangu ukurasa wa kwanza, ila madaftari uyatunze.

Kwa hiyo kaa katika kikoba kimoja mzunguko mzima, uwahoji wanachama wake nyumbani kwao, kila mmoja zaidi ya mara moja, na katika pendekezo ufute maneno “sampuli wakilishi”. Ruhusa iombe mbele ya wanachama wote, wala usiridhike na ya mwenyekiti peke yake, maana anayeshika daftari la mikopo si lazima awe anasema kwa niaba ya wanaodaiwa. Ukimaliza rasimu, warudie uwasomee. Mtafiti Marja-Liisa Swantz wa Finland na wenzake walifanya kazi Bagamoyo miaka ya 1970 wakiwahesabu wanakijiji kuwa watafiti wenzao, na sioni kwa nini akina mama wako wasikusahihishe kabla walimu hawajakusahihisha.

Mama yako anakusalimu sana, na anauliza utakuja lini.

Baba yako