Kabla ya kuseti chochote, jua nani anamsubiri nani

Umeme ulirudi saa nane usiku. Seva zikawaka, feni zikaunguruma, taa za kijani zikajipanga kwenye raki kama kawaida yake, na hakuna huduma hata moja iliyofanya kazi.

Nilikuwa nimekaa sakafuni, kompyuta mapajani, nikisoma ujumbe uleule ukijirudia: hifadhi ya mtandao haipatikani. Hifadhi yenyewe ilikuwa hai, naiona ikimetameta hatua moja tu kutoka nilipokaa. Shida ni kwamba seva zilikuwa zinaitafuta kwa jina, si kwa anwani. Kazi ya kugeuza jina kuwa anwani ni ya DNS. Na DNS zetu mbili, ambazo nilijisifu sana kwa kuziweka mbili, zote zilikuwa mashine pepe, yaani kompyuta za programu zinazoendeshwa ndani ya seva, na diski za mashine pepe hizo zilikuwa ndani ya hifadhi ileile. Ufunguo tumeufungia ndani ya nyumba. Nikakumbuka kwamba orodha ya anwani zote ipo, tena nimeiandika vizuri tu, kwenye wiki ya ndani. Wiki nayo ni mashine pepe.

Kilichotuokoa ni kipande cha plasta nyeupe mgongoni mwa ile hifadhi. Mtu aliyeifunga miaka ya nyuma alikuwa ameandika anwani yake kwa kalamu ya wino, na tarakimu moja ilikuwa imefifia. Nikajaribu 3, kimya. Nikajaribu 8, ikajibu. Nikaiingiza kwenye faili la hosts la seva moja, ile orodha ya majina na anwani ambayo seva huisoma bila kuiuliza DNS, ikaiona hifadhi, ikawasha DNS moja, na hao wengine wakaamka wenyewe mmoja baada ya mwingine.

Tangu usiku ule, nikipewa kazi ya kupanga huduma za mtandao za seva za kazini, siulizi kwanza tutumie programu gani. Nachukua karatasi na penseli nachora mishale. Huyu akiwaka baada ya kila kitu kuzimika, anamhitaji nani? DNS inahitaji diski. Diski iko wapi? Seva ya kuingilia watumiaji inahitaji DNS na saa sahihi. Saa inatoka wapi, na huko tunakuita kwa jina au kwa namba? Mshale ukizunguka ukarudi ulikoanzia, hapo ndipo utakapokaa sakafuni saa nane usiku.

Mganga hajigangi, na DNS ni vivyo hivyo. Kwa hiyo angalau moja iweke nje ya mfumo unaoitegemea: mashine ndogo ya kweli, yenye diski yake, anwani ya kudumu iliyoandikwa ndani yake mwenyewe. Haihitaji nguvu, majina ya shirika zima ni maandishi machache tu. Watu watakuambia kila kitu siku hizi ni mashine pepe. Waache waseme.

Kuna mduara mwingine ambao wengi hawauoni hadi uwaume. Ukiwasha uhakiki wa DNSSEC, ulinzi dhidi ya majibu ya DNS yaliyoghushiwa, DNS yako inakagua sahihi zenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo inahitaji saa sahihi. Saa sahihi inaletwa na NTP. NTP mara nyingi imeandikiwa majina ya seva za saa, kwa hiyo inahitaji DNS. Siku za kawaida haya yote yanakwenda. Ila betri ndogo ya ubao mama ikifa, mashine inawaka ikidhani ni miaka mingi iliyopita, DNS inakataa kila sahihi, NTP haipati jina, na saa hairekebishiki. Dawa ni nyepesi: angalau chanzo kimoja cha saa, ambacho ni chako, kiite kwa anwani.

Nikiwa hapohapo kwenye saa: usiweke vyanzo viwili. Vikitofautiana, mashine haina namna ya kujua kipi kinadanganya. Weka vinne, ili kimoja kikipotoka vingine vikiumbue, na bado ubaki na akiba kimoja kikizimika. Na usidhani saa ni urembo. Kerberos, ambayo ndiyo inayowaingiza watu kwenye mifumo mingi ya maofisini, kwa kawaida inakataa tofauti inayozidi dakika 5. Mtumiaji ataona tu nenosiri lake "halikubaliki," atalibadilisha, halitakubalika tena, na wewe utapoteza asubuhi nzima ukikagua akaunti isiyo na kosa.

Anwani sasa. Hapa ndipo watu wanafanya haraka kisha wanalipa kwa miaka. RFC 1918, waraka wa kanuni za intaneti wa mwaka 1996, ilitenga mafungu matatu ya anwani za ndani: 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16. Kosa langu la kwanza kabisa lilikuwa kutumia 192.168.1.0/24 kazini kwa sababu ndiyo niliyoizoea. Ruta nyingi za nyumbani zinatumia hiyohiyo. Siku watu walipoanza kuingia kwa VPN, njia salama ya kufikia mtandao wa kazini kupitia intaneti, wakiwa nyumbani, kompyuta zao zilikuwa zinaitafuta seva ya kazini palepale sebuleni. Mmoja alinipigia kwamba akifungua mfumo wa mahesabu anaona ukurasa wa printa yake.

Chukua kipande kutoka fungu la 10, tena usianzie 10.0.0.0 ambako kila mtu ameanzia; mkija kuunganishwa na shirika lingine mtagongana. Kisha fanya namba ya VLAN, yaani kipande cha mtandao kilichotengwa na vingine, ionekane ndani ya anwani: VLAN 40 iwe 10.37.40.0/24. Najua VLAN zinafika 4094 na sehemu hiyo ya anwani inaishia 255, lakini sijawahi kuona ofisi iliyoteseka kwa hilo, na faida yake ni kwamba usiku ukisoma logi unajua tatizo liko wapi bila kufungua jedwali. Acha nafasi katikati ya mafungu. Utazihitaji.

Jina la ndani la mtandao pia lina mtego. Wengi tuliweka .local, na tangu 2013 mwisho huo umetengewa itifaki ya mDNS, ile ya vifaa kujitangaza vyenyewe, kwa hiyo baadhi ya mashine hazitaiuliza DNS yako kabisa. Tumia tawi la jina ambalo shirika tayari linalimiliki. Hata vyeti vya usalama utavipata bila mateso.

Sasa niwasimulie kisa kilichonifundisha kusoma faili lenye mistari mitatu. Watumiaji walilalamika sistimu ni nzito. Si kwamba imekufa, nzito. Watu wa programu wakalaumu hifadhidata, wa hifadhidata wakalaumu mtandao, nami nikapima mtandao nikaukuta mzima, nikawarudishia mpira. Siku ya tatu nikakaa na saa mkononi kando ya mtumiaji mmoja. Anabonyeza, anasubiri sekunde 5, ukurasa unafunguka mara moja. Anabonyeza tena, sekunde 5 tena. Si 4, si 7. Ucheleweshaji unaotokana na kazi nyingi hupanda na kushuka. Unaofanana kila mara ni wa mtu anayesubiri jibu lisilokuja.

Nikafungua /etc/resolv.conf, faili lenye orodha ya DNS za kuulizwa, kwenye seva ile. Mstari wa kwanza ulikuwa anwani ya DNS tuliyoing'oa miezi kadhaa kabla, na faiwoli iliyo njiani ilikuwa inalimeza swali bila kurudisha neno. Linux, usipoiambia vingine, inasubiri sekunde 5 ndipo iulize seva inayofuata kwenye orodha, na ile seva haikuwa na keshi ya kukumbuka majibu, kwa hiyo ilikuwa inaanza upya kila ombi. Nilifuta mstari mmoja. Siku tatu za lawama, mstari mmoja.

Kutokea hapo nina mazoea mawili. Kabla ya kuiondoa DNS yoyote naiacha ikiwaka wiki mbili huku naandika logi ya nani bado anaiuliza, na sizimi hadi orodha iwe tupu. Na kwenye resolv.conf napunguza muda wa kusubiri hadi sekunde 1 au 2.

Faiwoli hiyohiyo ina hila nyingine: watu hufungua poti 53, mlango wa maswali ya DNS, kwa UDP peke yake, ile njia ya kutuma pakiti bila kufungua muunganisho. Majina mengi yatafanya kazi, utaamini umemaliza. Kisha litakuja jibu refu lisilotosha kwenye pakiti ya UDP, DNS itataka kurudia kwa TCP, njia inayofungua muunganisho kwanza, na mlango umefungwa. Majina machache tu ndiyo yatakayogoma, na utaapa ni mapepo. Fungua zote mbili.

TTL, yaani muda ambao jibu la DNS linaruhusiwa kukumbukwa, kwa kifupi: ukipanga kuhamisha seva Jumamosi na rekodi ina TTL ya sekunde 86400, yaani siku nzima, ishushe hadi 300 kabla ya Ijumaa, si Jumamosi asubuhi. Waliokwisha kuliweka jibu la zamani hawarudi kuuliza mpaka muda wao uishe.

DHCP, huduma ambayo mashine huiomba anwani, nayo haigawi, inakodisha. Mashine huanza kuomba kuongezewa muda ikifika nusu ya ukodishaji. Maana yake DHCP ikifa leo asubuhi, waliomo hawatajua. Wataanza kudondoka mmojammoja, na wa kwanza kulia ni yule aliyewasha mashine yake wakati huo na kupata anwani ya 169.254, ambayo mashine hujipa yenyewe ikikosa jibu la DHCP. Ukiiona hiyo, usihangaike na kebo. Seva za msingi mimi naziandikia anwani kwa mkono. Nyingine naziwekea anwani yake ndani ya DHCP kwa MAC, namba ya kadi ya mtandao ya kila mashine, ili niwe na sehemu moja ya kubadilisha mambo.

Na jaribuni kwa makusudi. Mara ya kwanza nilipozima DNS ya kwanza mchana kweupe, kwa ruhusa, barua pepe ziliendelea, mafaili yakafunguka, watu wakaendelea na kazi. Nikasubiri ujumbe wa tahadhari uingie kwenye simu yangu kwamba DNS imeanguka. Dakika 5, dakika 10, kimya. Mfumo wa tahadhari ulikuwa umeandikiwa DNS moja tu, ileile niliyoizima, na bila hiyo haukuweza kuipata seva ya barua pepe. Nikauongezea ya pili, nikazima tena, nikaweka simu mezani. Safari hii ililia kabla sijakaa.