Gari jipya: oili ya kwanza imwagwe lini, na sintetiki iingie lini?

Swali: Habari za kazi, fundi. Nimenunua gari jipya kabisa, la petroli, lina turbo. Mpaka sasa limetembea kilomita 1,100. Shemeji yangu, dereva wa siku nyingi, ananisisitiza nimwage oili ya kiwandani mara moja kwa sababu imejaa vumbi la chuma. Muuzaji anasema nisiguse kitu hadi kilomita 10,000. Mwingine kaniambia oili ya sintetiki isiingie kabla ya kilomita 5,000, eti inateleza mno na ringi za pistoni hazitakaa. Nimsikilize nani? Na nikihamia sintetiki, ni lazima injini isafishwe kwanza kwa dawa?

Jibu: Kazi njema, ndugu yangu, na hongera kwa gari. Kabla ya kumsikiliza yeyote kati ya hao, fungua boneti utazame kifuniko cha kumiminia oili. Magari mengi ya sasa yameandikwa uzito (yaani unene) wa oili palepale juu: 0W-20, 0W-16, 5W-30. Ukikuta inayoanza na 0W, basi karibu kwa hakika tayari unaendesha kwa sintetiki, yaani oili iliyotengenezwa au kusafishwa kwa kiwango cha juu kiwandani, maana uzito huo hautengenezeki vizuri peke yake kwa oili ya madini, ile ya kawaida. Ukikuta 5W-30, kitabu cha gari kitakuambia ni aina gani. Watu wengi wanaoniuliza lini wahamie sintetiki huwa wameshahamishwa na kiwanda bila kujua. Corvette, gari la michezo la Marekani, kwa mfano, imekuwa ikitoka kiwandani na sintetiki tangu 1992, na ringi zake zinakaa bila shida.

Hofu ya kuteleza ina asili yake. Ukuta wa silinda hauachwi laini kama kioo. Huchorwa mistari midogo inayokatizana ili ishike oili. Ringi mpya inaposugua vilele vya mistari hiyo, vinalainika, na hapo ringi na ukuta vinazoeana. Zamani kuta ziliachwa na makwaruzo makubwa, kazi hiyo ikachukua muda, na mafundi wakapendelea oili ya madini. Siku hizi vilele hivyo hukatwa kiwandani, kinachobaki ni kidogo. Isitoshe, kinachoikandamiza ringi ukutani ni presha ya moto wa silinda, kwa hiyo namna unavyoendesha ina uzito kuliko aina ya oili. Katika kilomita 1,000 hadi 1,600 za mwanzo badilisha mwendo mara kwa mara, usikanyage mafuta hadi mwisho, usivute tela, na usiache gari likinguruma muda mrefu limesimama. Wewe umekaribia kumaliza kipindi hicho.

Shemeji yako hajakosea kabisa. Ukiimwaga oili ya kwanza kwenye beseni na kuitazama juani, mara nyingi utaona inametameta: ni unga laini wa chuma kutoka kwenye vipande vinavyozoeana. Vipande vikubwa hunaswa na filta, ule unga laini sana hupita na kuzunguka. Je, unaua injini? Kwa injini za sasa, ukiumwaga kwa muda uliopangwa na kiwanda, sijaona sababu ya kukosa usingizi. Halafu kuna upande wa pili ambao shemeji hakuutaja. Watengenezaji wengine, Honda wakiwa miongoni mwao, wanashauri oili ya kwanza isimwagwe mapema, kwa kuwa ina viambato vya kuilinda injini wakati wa kuzoea. BMW wanataka kinyume chake kwa magari yao ya M, yale ya kasi: oili itolewe karibu na kilomita 2,000. Ndiyo maana kanuni moja ya magari yote haipo, na kitabu chako kinampita shemeji, muuzaji na mimi.

Kitabu kikiwa kimya, na unakusudia kukaa na gari miaka mingi, mimi ningebadilisha mara ya kwanza karibu na kilomita 5,000, kisha nikafuata ratiba. Si lazima. Ni tahadhari ya bei nafuu tu. Kama utaliuza baada ya miaka michache, usijisumbue.

Kuhusu kilomita 10,000 za muuzaji, rudi kwenye kitabu utafute jedwali la pili. Karibu kila kitabu kina ratiba mbili, ya matumizi ya kawaida na ya matumizi magumu, na watu husoma ya kwanza wakafunga. Safari fupi ambazo injini haipati joto vizuri, foleni, barabara za vumbi, mizigo mizito, yote hayo ni matumizi magumu, na muda wa oili hupungua, mara nyingi hadi nusu. Miezi nayo inahesabika: kikifika cha kwanza kati ya kilomita na miezi, unamwaga. Sintetiki huvumilia joto kuliko ya madini, lakini petroli, unyevu na vumbi vinaichafua vilevile, na viambato vyake vinakwisha.

Gari lako lina turbo, kwa hiyo jenga mazoea na dipstiki, kijiti cha kupimia oili. Simamisha gari pakavu na tambarare asubuhi injini ikiwa baridi, vuta kijiti, kifute, kizamishe tena hadi mwisho, kisha usome. Kiwango kikishuka kidogo katika kilomita za mwanzo si ajabu. Kikipanda ndipo ushtuke. Oili haizaliani, kilichoongezeka kwa kawaida ni petroli ambayo haikuungua, ikapita kwenye ringi hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Hutokea zaidi kwa injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda na zinazotumika kwa safari fupi. Kinuse kijiti: kikinuka petroli na alama ya juu imepitwa, mwaga, usisubiri kilomita. Rangi nyeusi peke yake isikutishe, oili nzuri huwa nyeusi kwa sababu inabeba uchafu.

Unaponunua, usilipie neno “sintetiki” lililoandikwa kwa herufi za dhahabu. Sintetiki nyingi sokoni zinatokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa kwa kiwango cha juu, na ugomvi wa kampuni za oili Mobil na Castrol kuhusu kuziita hivyo ulimalizika Marekani mwaka 1999 kwa ushindi wa Castrol. Nyingi kati yake ni nzuri sana. Wewe soma msimbo mgongoni mwa kopo. Kwa turbo ndogo ya petroli hakikisha ni API SP, daraja la ubora la taasisi ya petroli ya Marekani lililoanza 2020, au mpya zaidi: imetungwa pia kuzuia petroli isiwake kabla ya wakati injini ikiwa na mzigo mkubwa kwenye mizunguko ya chini, jambo linaloweza kupasua pistoni. Magari ya Ulaya huongeza idhini yao wenyewe, kama VW 504 00 ya Volkswagen. Nunua ile ile inayotajwa kitabuni, si “inayofanana”.

Dawa ya kusafisha achana nayo. Injini ya kilomita 1,100 haina cha kusafishwa, na sintetiki huchanganyika na ya madini bila ugomvi. Kiasi kinachobaki ndani hakidhuru. Badilisha filta na oshara (pete ya kuzuia uvujaji) ya nati ya sampu kwa wakati mmoja. Mimina pungufu kidogo ya kiasi cha kitabuni, washa injini dakika moja, zima, subiri ishuke, pima, ndipo uongeze. Risiti iandikwe tarehe, kilomita na msimbo wa oili, maana injini ikileta tatizo ndani ya waranti hicho ndicho kitu cha kwanza watakachokuomba.